Aliyeimba "You Got the Love" kwanza
Siyo Florence, yule wa bendi ya Uingereza Florence + the Machine. Sauti ya mwanzo ni ya Candi Staton, mwimbaji wa soul na injili wa Marekani, aliyeirekodi 1986. Mdundo uliovuma wala haukuwa wake: DJ mmoja alichukua sauti yake tupu, bila ala, akaipandisha juu ya "Your Love" ya Frankie Knuckles na Jamie Principle, muziki wa hausi (dansi ya kielektroniki) wa Chicago. Ikatoka rasmi 1991 kwa jina la The Source, ikafika namba 4 Uingereza. Florence + the Machine waliirudia 2009. Ukibisha, sikiliza kile kinanda kinachojizungusha mwanzoni mwa "Your Love", halafu weka hiyo ya The Source. Ila hakikisha ni ya 1991, maana kuna rimiksi ya 1997.