Waziri wa afya ni yupi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni wa Chumbageni, mume wangu Mpemba. Mawifi zangu kule Wete wakimtaja waziri wa afya, jina si lile ninalolisikia redioni hapa Tanga. Nchi moja, mawaziri wawili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndiyo, wawili, na wote halali. Afya, kilimo na shule za msingi si mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina mawaziri wake, na Rais wa Zanzibar huwateua miongoni mwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Ulinzi, polisi, uraia na mambo ya nje ni ya Muungano. Huko waziri ni mmoja kwa sote.

Mimi nililijua hili nikiwa nimekaa mkekani, Wete, msimu wa karafuu. Tunachambua makonyo na wifi yangu, harufu imeingia mpaka kwenye kanga. Akalalamikia bei, nikamwambia tuwaandikie Dodoma. Akanishika kiganja: “Wifi, bei ya karafuu huulizwa Unguja.” Kweli, mnunuzi ni shirika la serikali yao.

Sisi Tanga hatuna baraza la mawaziri. Mkuu wetu wa mkoa huteuliwa na Rais wa Muungano. Basi mawifi wakimtaja waziri tena, uliza kwanza: wa serikali ipi?