Mama anaogopa kugeuka kitandani
Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Umeandika kwamba mama yako huona chumba kikizunguka kwa sekunde chache kila anapogeuka kitandani, na sasa hataki hata kwenda sokoni. Niliwahi kupatwa na hali kama hiyo, na nakuhakikishia kwamba hofu yake si ya kujidekeza. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji ambayo huujulisha ubongo kichwa kinapogeuka. Chembe ndogo za chokaa zikihama mahali pake na kuingia humo, ubongo hupokea habari ya mzunguko usiokuwepo, ndiyo maana mtu huanza kutembea akiwa amekakamaza shingo na kukwepa kuinama.

Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye akithibitisha tatizo ni hilo anaweza kumlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu uliobuniwa na daktari John Epley wa Marekani; mimi nilipata nafuu siku ileile. Msijaribu wenyewe kabla hajapimwa. Kwa sasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na taa iwake usiku, kwa kuwa macho huyasaidia masikio. Akishindwa kutamka maneno, akilegea upande mmoja au akiona vitu viwili viwili, mkimbizeni hospitali mara moja, kwani huenda ni kiharusi.