Swali la lugha: Zebaki au Utaridi? Majina ya sayari kwa watoto

SWALI: Ninafundisha darasa la awali. Chati iliyoko ukutani inazitaja sayari hivi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi na Utaridi. Kitabu kipya kinasema Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, na Zohali ndiyo yenye pete kubwa. Niwafundishe watoto kipi? Tena, ni sawa kuwaambia "Dunia inazunguka"?

JIBU: Mwalimu, fuata kitabu. Kwenye chati hiyo majina manne si ya sayari kabisa, na mawili ni ya sayari lakini yamewekwa mahali si pake.

Zebaki ni metali, ile ya majimaji yenye rangi ya fedha iliyokuwa ikitiwa kwenye vipimajoto. Kiingereza huita metali hiyo na sayari kwa neno moja. Aliyetafsiri akachukua neno la metali. Sisi tunayo mawili: zebaki ya kwenye kipimajoto, Utaridi ya angani. Mtoto aliyezoeshwa Zebaki ya angani atakapokutana na zebaki kwenye somo la kemia, itabidi afundishwe upya.

Sumbula, Sarateni na Kausi ni buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota yaliyo kwenye njia ya Jua. Sumbula ni Mashuke, Sarateni ni Kaa, Kausi ni Mshale. Ukiita sayari moja Sumbula, ni kama kuuita mji kwa jina la barabara inayopita hapo.

Chanzo cha vurugu hii si kigumu kukiona. Watu wa kale walizijua sayari tano za angani, zile zinazoonekana bila darubini: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina yote matano yametujia kutoka Kiarabu, pamoja na elimu ya falaki. Uranusi iligunduliwa mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, zote kwa darubini, kwa hiyo hazina jina la kale katika lugha hiyo wala katika yetu. Orodha ndefu ilipotakiwa, majina matano hayakutosha, na buruji zikaingizwa kujaza nafasi. Zohali ikasukumwa hadi Uranusi, na Utaridi ikapelekwa mwisho kabisa, kwa Pluto, ambayo tangu 2006 inahesabiwa kuwa sayari kibete. Basi fundisha nane, kuanzia karibu na Jua: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Wapo wanaoandika Ardhi badala ya Dunia. Kwa mtoto mdogo nisingeshauri. Ardhi kwake ni udongo anaoukanyaga.

Neno sayari lenyewe linafaa kuelezwa. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kwenda. Waarabu wa leo huita gari sayyara. Sayari ni ile inayohama usiku hadi usiku, huku nyota zikibaki katika mpangilio wake. Jua ni nyota, si sayari, na hili watoto hulikubali polepole kwa kuwa nyota wanazozichora ni ndogo na zina pembe tano.

Upatanisho nao una mitego. Jua ni la ngeli ya LI-YA: Jua linawaka. Sayari na majina yake huchukua I-ZI: Zuhura inang'aa. Darasani pakiwa na mtoto anayeitwa Zuhura utasikia "Zuhura anang'aa"; rekebisha papo hapo. Mwezi ni wa U-I, na hapa pana shida ya kweli. Ukisema "Mirihi ina miezi miwili", mtoto anayejifunza Januari na Februari atahesabu siku. Sema "Mirihi huzungukwa na miezi miwili". Kitenzi kitaonyesha ni mwezi gani unaokusudiwa.

Sasa swali lako la mwisho. "Dunia inazunguka" si kosa la sarufi, ila ina maana mbili, na watoto huzichanganya. Tenganisha: Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 24, tukapata usiku na mchana, Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365 na robo, tukapata mwaka. Usiiache ile *li* katika *hulizunguka*, ndiyo inayoshikilia Jua katikati. Wapeleke uwanjani, mtoto mmoja asimame katikati awe Jua. Ukiamuru "zunguka!" wengine watajipindua walipo, wengine watakimbia duara. Amuru "jizungushe!" kisha "mzunguke mwenzako!" na kila mmoja atajua la kufanya kwa neno lenyewe.

Mkiwa hapo hapo, chora kwa chaki duara lenye upana wa sentimita 55: hilo ni Jua. Dunia itakuwa punje ya choroko ya milimita 5, nayo iwekwe mita 59 kutoka kwenye duara. Hapo utapata nafasi nzuri ya kutumia *mbali*, *mbali zaidi* na *mbali kuliko*.

Chati usiitupe. Andika majina sahihi kwenye vipande vya karatasi, uyafunike yale ya zamani kimoja kimoja, na kipande cha Zohali ukibandike kwenye ile yenye pete.