Kikokotoo cha pensheni ni hesabu tu, mafao yanaliwa na miezi isiyoonekana

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kwa nini mwenzake aliyetoka mfuko wa PSPF anatajiwa mkupuo (fedha zinazolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu) wa 40% na yeye aliyetoka mfuko wa PPF 35%, na je, kwa umri wa miaka 54, akubali bima ya maisha ya miaka 10 anayouziwa na wakala "kuziba pengo la pensheni"?

Asilimia kwanza. PSPF, PPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, mwaka 2018, na kila mfuko ulikuja na kanuni yake. PSPF ilikuwa inalipa nusu kwa mkupuo, PPF robo. Julai 2022 wote wakapelekwa 33%, kelele zikawa nyingi, na bajeti ya 2024/25 ikaongeza: waliotoka kwenye nusu 40%, waliotoka kwenye robo 35%. Tofauti yenu inatoka hapo, si mtu wa dirishani aliyekuonea.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Chukua miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka (miaka 3 bora ndani ya 10 ya mwisho). Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi (14,400,000 kwa mwaka) na miezi 360 unapata 8,937,931, ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Zidisha kwa 12.5, kisha kwa 35%: mkupuo ni 39,103,448. Ile 65% iliyobaki ya pensheni ya mwaka igawanye kwa 12: 484,138 kila mwezi. Mwenzako wa 40% mwenye mshahara na miezi hiyo hiyo anabeba 44,689,655, halafu 446,897 kwa mwezi.

Amekuzidi 5,586,207 siku ya kulipwa, wewe unamzidi 37,241 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Ni ile ile 12.5 ya kwenye kanuni. Anayestaafu na 60 akivuka 72 na nusu, mwenye mkupuo mdogo ndiye aliyechukua hela nyingi zaidi, labda yule mwingine awe ameweka ziada yake mahali inapozaa. Wengi huimalizia kwenye bati na tiles.

Kwa hiyo ugomvi wa asilimia naona umekuzwa kuliko kimo chake. Mfuko ukishapata taarifa kamili hulipa kama kanuni inavyosema. Unapomwangusha mwanachama ni kwenye kumbukumbu. Kwa mfano wetu, miezi 24 ya michango isiyosomeka inakupunguzia 2,606,897 kwenye mkupuo na 32,276 kila mwezi hadi unakufa. Na kama michango yote haifiki miezi 180, sahau pensheni ya mwezi kabisa: unalipwa mara moja, basi.

Miezi hupotelea wapi? Kwenye uhamisho kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine, hasa mtu alipopewa namba mpya ya uanachama badala ya kuendelea na ya zamani. Kwa mwajiri anayekata 5% yako kwenye hati ya mshahara lakini haipeleki pamoja na 15% yake. Kwenye majina: cheti kinasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA Mohammed, benki Muhamed. Toa taarifa ya michango sasa hivi kwenye programu ya simu ya PSSSF Kiganjani, ipitie mwezi kwa mwezi ukiwa na hati zako za mishahara, zungushia kila pengo, kisha andika barua kwa mwajiri na nakala kwa mfuko. Usingoje ile miezi 6 ya notisi ya kustaafu. Mhasibu aliyekuwepo mwaka huo atakuwa kashahama, na faili la barua yako ya ajira ya kwanza limo kwenye stoo ambayo ufunguo wake haujulikani uliko.

Kuna la kupandishwa cheo pia. Ukipanda kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000 mwaka mmoja tu kabla ya kuondoka, wastani wa miaka 3 unakuwa 1,300,000, si 1,500,000. Anayefikiria kuondoka kwa hiari, akiwa keshafika 55, aangalie hilo kabla ya kusaini. Posho usizihesabu, kwa mtumishi wa umma michango inakatwa kwenye mshahara wa msingi.

Bima ya wakala: una 54, mkataba ni miaka 10, utaisha ukiwa na 64. Mshahara unakoma ukiwa na 60. Miaka 4 ya mwisho utalipia kutoka kwenye pensheni ile ile unayotaka kuiongezea! Ukishindwa, mkataba unakufa au unapunguzwa, na ukiuvunja miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo huenda kwenye kamisheni na gharama. Kinga ya kifo ni halali yake kama una watoto bado shuleni, ila usiiite akiba ya uzeeni. Mwombe wakala aandike kwa kalamu, siyo kwa mdomo: jumla utakayolipa, kiasi kilichohakikishwa bila bonasi, na utakachorudishiwa ukivunja mwisho wa mwaka wa 2, wa 4 na wa 6. Weka namba hizo pembeni ya hatifungani ya serikali ya muda huo huo, ndipo umjibu.