Jibu: Honda 50 ya babu, kiki haishuki

Mkuu, salaam. Kwa ulivyoeleza, Honda ya marehemu babu imelala stoo miaka mingi, kiki haishuki, tangi lina kutu, na fundi anataka kuipiga mchanga kwa mashine kuondoa rangi ya zamani, kisha kuipaka upya. Mwambie asubiri.

Soma namba ya injini kwanza. Ikianza na C100E, hiyo ni ya ule ukoo wa kwanza ulioanza kutoka Japani 1958: vali zinasukumwa na fito. C50 iliyokuja baadaye ina kamshafti (mhimili unaofungua vali) juu, kwenye kichwa cha silinda, kwa hiyo usikubali muuza vipuri akwambie "ni zilezile".

Kiki usiilazimishe, injini imekwama, utavunja meno ya gia zake. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo, iache siku kadhaa. Kisha fungua kava la kushoto, shika nati ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) kwa spana, sukuma taratibu mbele na nyuma. Ikicheza hata upana wa ukucha, ongeza oili na uwe mvumilivu. Mimi injini zilizokwama zimenifungukia hivyo, isipokuwa zile ambazo maji yalishaingia kwenye silinda. Hizo ni kuibomoa injini tu.

Tangi lijaze siki usiku kucha, suuza kwa maji yenye magadi, likaushe palepale.

Rangi ya kiwandani, hata iliyopauka, iache. Mchanga hula namba za fremu, na chembe zake zikiingia kwenye injini ni balaa. Kikinga miguu ni plastiki: sabuni na maji ya uvuguvugu, petroli hapana.

Tuma picha ya namba tuendelee.