Maswali ya anga: Rijili Kantori

Nikiwa majini usiku naona nyota mbili kali kando ya Msalaba wa Kusini. Ile ya kushoto inaitwaje? (Mvuvi, Msimbati)

Ndiyo Rijili Kantori, kaka. Mwezi huu wa Juni, saa tatu usiku, elekea upande wa mdomo wa Ruvuma utaiona karibu nusu ya njia kati ya maji na utosi wako. Mwenzake wa kulia ni Hadari. Ukifuata mstari wao kwenda kulia, unafika kwenye Msalaba, ambao mabaharia wetu waliuita Salibu.

Mbona kitabu cha mwanangu kinasema Alfa Kentauri, na kwingine nimesoma Toliman? (Mama wa Mikindani)

Dada, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Rijili Kantori ni jina la mabaharia Waswahili, walilopokea kwa Waarabu: *rijl* ni mguu, na Kantori ni yule kiumbe wa hadithi za Wagiriki, nusu mtu nusu farasi. Wazungu nao walichukua Kiarabu hichohicho wakaandika Rigil Kentaurus. Toliman pia ni Kiarabu kilichopindwa: *az-zulman*, yaani mbuni, wale ndege wakubwa. Wachina waliiita nyota ya pili ya Lango la Kusini, na Wasotho na Watswana waliona twiga katika nyota za eneo hilohilo. Kila mtu alipandisha mbinguni alichokijua.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uligawa majina: Rigil Kentaurus ikapewa nyota kubwa mwaka 2016, na Toliman ikapewa ndogo mwaka 2018. Mimi natamani walimu wetu wa Jiografia waseme Rijili Kantori darasani. Ni jina letu, lilipita baharini hapahapa.

Shikamoo. Umesema kubwa na ndogo, lakini mimi naona moja tu. (Mwanafunzi, Masasi)

Marahaba, mwanangu. Macho hayawezi kuzitenganisha, ila darubini ndogo ya kusimamishwa inatosha. Padri Jean Richaud alizitambua kuwa mbili mwaka 1689, akiwa Pondicherry, India. Zinazungukana kwa miaka 80 hivi. Zikikaribiana, umbali wao unazidi kidogo ule wa Jua na Zohali. Zikiachana unafika karibu na ule wa Pluto. Ya tatu, Proxima, ni hafifu mno, haionekani kwa macho. Iligunduliwa mwaka 1915 kutoka Johannesburg, nayo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua.

Karibu kiasi gani? (Nachingwea)

Kwa pacha zenyewe, kilomita trilioni 41 hivi. Nuru utakayoiona leo ilianza safari miaka minne na miezi minne iliyopita. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa anajua kuhesabu.

Tutaiona hadi lini? (Kilwa Masoko)

Hadi mwisho wa Septemba, saa mbili usiku, ikiwa chini kusini-magharibi. Oktoba inazama mapema.