Sampuli Inakwenda Mshazari: Kosa la Mashine au la Uzi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu wa nguo, mwaka wa pili, niko likizo nyumbani Mikindani. Nimenunua mashine ya mtumba ya kufumia sweta, ya Kijapani, sindano 200, ile inayotumia kadi ya matundu kupanga nakshi. Kwa joto la huku sitaki akriliki ya dukani, nataka kufuma fulana za pamba. Nimepata koni kutoka kiwandani zimeandikwa Ne 20/1. Napitisha nyuzi 6 kwa pamoja, mkazo namba 6.

Sampuli zangu zinakwenda mshazari. Moja ya urefu wa sm 30 ilihamia kulia sm 4 kwa juu, na baada ya kufua ikazidi. Kingo zinajikunja. Nimetoboa kwenye kadi nakshi ya mkeka wa bibi, miraba safu 24 kwa sindano 24, lakini ikitoka inakuwa bapa kama imekaliwa. Sampuli ya sindano 40 na safu 60 ilikuwa sm 14.5 kwa 16 ilipotoka kwenye mashine. Baada ya kufua ni sm 14 kwa 14.2. Sijui nifuate vipimo vipi. Na vitanzi vinaachia hovyo, hasa katikati. Fundi wa cherehani jirani yetu kasema kitanda cha mashine kimepinda, niiuze chuma chakavu. Ni kweli?

Mwanafunzi, Mikindani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiiuze. Fundi wako hana nia mbaya, ila cherehani na mashine ya kufumia hazina undugu zaidi ya kutumia mafuta ya aina moja. Kitanda kikipinda, ile gari unayoisukuma ingekwama au kuwa nzito kila ikifika mahali palepale, na vitanzi vya sindano hizohizo vingekuwa vikubwa au vidogo kuliko wenzao. Kupinda kwa kitanda hakulazi kitambaa kizima upande mmoja. Mashine yako ina ugonjwa mmoja mdogo, nitaufikia. Huo mshazari umetoka na uzi kiwandani.

Tazama maandishi ya koni. Ne 20 maana yake ratili moja ya uzi huo inatoa mafundo 20, kila fundo yadi 840. Kwa kipimo cha tex, yaani gramu kwa mita 1,000, ni kama 29.5. Ukikusanya nyuzi 6 unapata tex 177, na mashine ya sindano 200 inaumeza unene huo bila taabu. Hapo ulipiga hesabu vizuri. Mshitakiwa ni ile 1 iliyo mwishoni. Inasema uzi huu ni wa uzi mmoja, umesokotwa mara moja, upande mmoja, basi. Haukurudishwa, yaani haukusokotwa tena kinyume pamoja na mwenzake.

Hapo Mikindani ukimpata mzee anayesokota kamba za usumba, kaa naye dakika kumi. Anaviringisha ncha mbili upande mmoja juu ya paja, kisha anaziachia zijizonge pamoja kwa upande wa pili. Ndiyo maana kamba ya usumba ukiitupa chini inalala tuli. Misokoto miwili inavutana, hakuna anayeshinda. Uzi wako umeishia kwenye hatua ya kwanza. Kata kama mita moja, shika ncha mbili, zisogeze zikaribiane taratibu. Ukiona uzi unajizonga wenyewe hewani, huo ni uzi hai. Uzi uliotulia unaning'inia kama bembea.

Sasa uingize uzi hai kwenye kitanzi. Kitanzi kina miguu miwili, na msokoto unaotafuta kujifungua unakigeuza kidogo: mguu mmoja unakuja mbele, wa pili unajificha nyuma. Kitanzi kimoja hutakiona kimeinama. Lakini vitanzi vyote vya nguzo moja, yaani vilivyopandana wima juu ya sindano moja, vinainama upande uleule, na nguzo zote zinafuatana. Shika uzi wima na utazame nyuzinyuzi zake: zikilala kama mstari wa katikati wa herufi Z, upande wa mbele wa kitambaa utaegemea kulia. Zikilala kama S, utaegemea kushoto. Wako umekwenda kulia, kwa hiyo ni Z, kama zilivyo nyuzi nyingi za viwandani. Na umezidi baada ya kufua kwa sababu maji yanalegeza pamba, msokoto unapata nafasi ya kumaliza ulichokuwa unakitaka.

Kukusanya nyuzi 6 sambamba hakukusaidii, maana zote ni Z. Ni kuvuta juya kwa kamba moja. Hata uongeze watu sita, kama upande wa pili hakuna mtu, wavu utakuja upande.

Nakuambia haya kwa kuwa nimeyalipia. Nilipoanza kazi nilifuma fulana dazeni mbili za timu ya shule moja, pamba ya uzi mmoja kama yako. Zilipotoka mshazari nikazivuta kwa mvuke na pasi mpaka zikanyooka kama rula, nikapokea hela yangu. Zilipofuliwa mara mbili, mshono wa ubavuni ulikuwa umefika jirani na kitovu. Mwalimu wa michezo alizirudisha zote ndani ya kiroba, akakiweka mlangoni bila kusema neno. Pasi inaficha mshazari mpaka siku ya kufua.

Dawa yenyewe ni kumfuata mzee wa kamba. Zikusanye nyuzi 6, uzisokote pamoja kuelekea S. Kama huna gurudumu, drili ya mkono yenye ndoano ya waya mbele inatosha kwa sampuli. Usihesabu mizunguko. Sokota mita mbili tatu, kunja katikati, tazama. Ikijizonga kwa upande uleule wa mwanzo, bado. Ikijizonga kinyume, umepitiliza. Ikining'inia kimya, hapo hapo. Uzi utafupika kidogo, usishangae koni ikiisha mapema. Ukiweza kupata koni zilizoandikwa 20/2, yaani nyuzi mbili zilizokwisha kurudishwa, chukua hizo upitishe 3 badala ya 6: unene uleule, na kazi ya drili imekwisha. Kuchemsha mafundo na kuyaanika yakiwa na uzito chini hupunguza uhai wa uzi, lakini kwa pamba hakuumalizi.

Njia ya pili mimi naipenda zaidi kwa hali ya hewa yetu: badilisha mfumo. Kitambaa cha vitanzi vitupu, vyote vikitazama upande mmoja, ndicho kinachoonyesha mshazari kuliko vyote. Ukiweka vitanzi vya kushikilia, pale sindano inapobeba uzi bila kuufuma na kuuachia safu inayofuata, kitambaa kinapanuka, kinafupika, kinapata vishimo vidogo, na mshazari unapungua sana. Shika fulana yoyote ya kola ya madukani uitazame kwa karibu, utaona vijumba kama vya nyuki. Ndiyo hiyo. Inapitisha upepo kuliko kitambaa laini, na saa nane mchana hapa Mtwara utaiona faida yake mgongoni. Kwenye mashine nyingi za kadi, penye tundu sindano inafuma na pasipo tundu inashikilia, kwa hiyo kadi yako itakuwa na matundu mengi kuliko nafasi tupu. Usiziache sindano mbili zilizo jirani zishikilie safu moja, na usishikilie zaidi ya safu 2 mpaka mkono uzoee pamba. Pamba haina mnyumbuko wa sufu. Ukiilazimisha inakatika au inaruka.

Vipimo. Fuata vya baada ya kufua, siku zote. Kitambaa kikiwa mashineni kimevutwa chini na mawe ya uzito kwa saa nzima, kwa hiyo ule urefu wa sm 16 ulikuwa wa kuazima. Kwa namba zako mwenyewe: fulana ya urefu wa sm 60, ukitumia kipimo cha kabla ya kufua, ungefuma safu 225. Ikifuliwa inabaki sm 53 na kidogo. Karibu sm 7 zimekwenda, na mteja kitovu nje. Ukitumia kipimo cha baada ya kufua, 60 mara 60 gawa kwa 14.2, unapata safu 254. Upana wa sm 50 ni 50 mara 40 gawa kwa 14, sindano 143. Uifue sampuli kama mteja atakavyofua, siyo kuichovya kwa adabu kwenye beseni, kisha ianike kwa kuilaza kivulini. Ukiitundika kwenye kamba ingali mbichi, uzito wa maji unaivuta tena na umerudi ulikoanzia.

Namba hizohizo zinajibu swali la mkeka wa bibi. Kwenye mkeka, miyaa inayopita huku na inayopita kule ina upana mmoja, ndiyo maana mraba wa bibi ni mraba. Kitanzi hakiko hivyo, ni kipana kuliko kimo chake. Sindano zako 24 zinatoa upana wa sm 8.4, lakini safu 24 zinatoa kimo cha sm 5.7 tu. Umechora mraba kwenye karatasi ya miraba, mashine ikakupa kilichokaliwa. Ili kimo nacho kifike sm 8.4 unahitaji safu 35 na nusu. Weka 36. Inaangukia pazuri, kwa sababu ni safu 3 kwa kila sindano 2, na unaweza kuichora upya bila kuumiza kichwa: kila safu mbili za bibi ziwe safu tatu zako. Jichoree karatasi yenye vyumba vya upana mm 6 na kimo mm 4, macho yako yataona mapema kile ambacho mashine itakitoa.

Kwa kuwa kadi inarudia kila sindano 24, nakshi yenye marudio ya 2, 3, 4, 6, 8 au 12 inaingia bila kukatwa. Mikeka mingi niliyoitazama inakubali hapo. Ila ukiifuma kwa rangi mbili, rangi isiyotumika inapita nyuma ikiwa imelegea. Ikiruka sindano nyingi, mvaaji anaingiza mkono na pete inanasa. Mimi sizidishi 5. Tena rangi mbili ni nyuzi mbili, kitambaa kinakuwa kizito zaidi, na umesema unakimbia joto. Ningekuwa wewe ningeitoa nakshi ya bibi kwa rangi moja, kwa vitanzi vya kushikilia, ionekane kwa vivuli vyake. Lakini huo ni ubunifu wako, siyo wangu. Hapa dukani mimi nafuma sweta za buluu za wanafunzi wa Newala kujikinga na baridi ya Juni, nani aniulize mimi habari ya nakshi.

Kujikunja kwa kingo siyo kosa. Kitambaa cha vitanzi vitupu juu na chini kinajikunja kuja mbele, ubavuni kinakwenda nyuma, kwa pamba, kwa sufu, kwa chochote. Pindo la kukunja mara mbili chini, mshono ubavuni, hutakuona tena. Ule mfumo wa kushikilia nao unakituliza.

Sasa ugonjwa wa mashine. Vitanzi kuachia katikati kuliko pembeni, kwenye mashine ya mtumba, kitu cha kwanza ninachotazama ni upau wa sifongo. Ni kibati chembamba kinachopita juu ya sindano zote, urefu wote wa kitanda, na ndani yake kuna utepe wa sifongo unaozikandamiza sindano chini. Sifongo huzeeka. Inalala, inageuka unga au ulimbo, na huanza katikati kwa sababu ndipo watu wote hufumia. Toa gari, zisogeze sindano kumi za katikati mbele, uzibonyeze kutoka chini kwa kidole. Zikiinuka na kuchezacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita, umempata. Chomoa upau kutoka ubavuni bila kuulazimisha. Kama umegoma, zibonyeze sindano chini kwa rula huku ukivuta. Usifume tena kabla ya kuutengeneza, kwa sababu sindano iliyoinuka ikigongana na gari inapinda, na hapo ndipo utaingia gharama ya kweli.

Upau mpya ndio bora. Kwa sasa unaweza kukwangua ulimbo wa zamani kwa mafuta ya taa, ufute kwa spiriti, ugundishe utepe mpya wa sifongo ngumu. Sifongo ya godoro itakufanya ufurahi wiki mbili tatu, kisha italala kama mwenzake.

Wakati upau uko nje, zitoe sindano moja moja uangalie ulimi wake, ule mlango mdogo unaofunga ndoano. Ulimi unatakiwa kufunguka na kufunga kwa kuupuliza tu. Ukikwama ni kutu, na Mikindani, mita chache kutoka majini, kutu haina likizo. Loweka kwenye mafuta ya taa, futa, tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha. Zilizopinda ndimi zipeleke mwisho wa kitanda usikofumia, siyo jalalani, maana kupata sindano huku kwetu ni mpaka mtu atoke Dar. Vumbi la pamba liondoe kwa brashi kila baada ya sampuli. Sugua uzi kwa kipande cha mshumaa kabla haujaingia, utapita laini na vumbi litapungua. Na jioni funika mashine kwa kanga kuukuu. Nailoni inafungia unyevu wa chumvi ndani, asubuhi unakuta ndimi zimeshikana tena.